Kiti cha Zuwena

Ghasib bin Mahfudh aliingia dukani kwangu asubuhi moja, hakuketi, na kahawa akaikataa. Hapo tu nikajua kuna jambo. Huku Rustaki mtu akikataa kahawa, ama amefiwa ama amekuja kugombana.

"Suudi, nipe shokapu," akasema. "Zote nne. Zile nene nyekundu."

Zile nene nyekundu! Kila mwanamume wa milimani akija kununua vipuri anataka hizo hizo, kwa kuwa zinaonekana hata gari likiwa limeegeshwa. Loo, tunapenda kuonekana! Zile ni za gari lililojaa mzigo. Gari likiwa tupu zinakutikisa mpaka meno. Ghasib alikuwa nazo tayari kwenye pikapu yake kuukuu, zimekwisha zinavuja, na nyuma alikuwa ameongeza majani ya springi, vile vyuma bapa vya chini, ili abebe tangi la maji.

"Unataka kubeba nini safari hii?" nikamuuliza.

Akainamia kaunta. "Zuwena. Nataka kumrudisha nyumbani."

Nikaiweka chini birika ya kahawa.

Ghasib ni mfuga nyuki. Kijiji chao kiko juu kabisa, lami inaishia kwenye korongo, na kutoka hapo ni mawe matupu mpaka mlangoni kwake. Ni mtu mwema, mkarimu, hapigi mtu kelele. Lakini nyuki wake! Msimu wa mikunazi kutoa maua ukifika, anahamisha mizinga kwa pikapu hiyo hiyo. Anaitandikia godoro, anaifunga kwa mablanketi, anashuka kwa gia ya kwanza ili masega yasikatike. Ukimpigia honi umpite, anakutukana mpaka babu yako.

Mkewe Zuwena alipanda na kushuka njia ile ujana wake wote. Alipanda na mimba, akapanda na watoto wachanga, akapanda na mgongo unaouma. Akilalamika, Ghasib alikuwa na jibu moja, na alilisema kwa upole: "Njia ndiyo hiyo, Mama Yaarub. Nifanyeje?" Siku moja arusini, mbele ya watu, Zuwena akasema, "Ningezaliwa nyuki, ningeolewa vizuri zaidi." Tulicheka hatuna mbavu. Ghasib alicheka kuliko sote.

Mwishowe mgongo ukapasuliwa. Daktari akamwambia asirushwerushwe tena garini, na Zuwena akabaki mjini Sibu kwa mwanawe Yaarub. Ramadhani ikapita, Idi ikapita, Ghasib anafuturu na paka.

"Sikuuzii kitu," nikamwambia. "Kwanza twende juu. Naendesha mimi, wewe kaa pale."

"Kiti cha wanawake?" Akacheka.

"Panda bwana, usinimalizie asubuhi!"

Kumbe mtu huyu, gari lake mwenyewe, hakuwahi kukaa upande ule hata siku moja. Tulipoacha lami tu, akajigonga kichwa kwenye kioo.

"Taratibu, we Suudi! Unataka kuniua?"

"Nakwenda taratibu kuliko wewe."

Akajisogeza huku na huku. Chuma cha kiti kilikuwa kimetoboa ngozi, na juu yake palikuwa na shela kuukuu lililokunjwa mara nyingi. Akaligusa. Halafu akatafuta pa kushika, mkono ukaenda kwenye kishikio juu ya mlango. Kilikuwa kimezungushwa kitambaa na kushonwa vizuri kwa uzi, na kitambaa chenyewe kimelika pale vidole vinapokaa.

"Hiki nani kakifunga?"

"Unaniuliza mimi? Gari la nani hili?"

Tukapanda kona ya kwanza, tukarushwa, akaguna. Kona ya pili akasema, "Simamisha." Akashuka, akakaa juu ya jiwe, akalia bila kujificha. Mzee mzima na ndevu zake.

"Nimemuumiza, Suudi. Nimemuumiza kwa mkono wangu, na nilikuwa nacheka."

Nilimwonea huruma, wallahi, lakini sikumkatalia. Ni kweli alimuumiza.

Tukarudi dukani. Nikamwekea zile za mafuta, laini, nyeusi, ambazo hakuna anayezigeukia mara mbili. Majani ya ziada ya springi nikayatoa. Kiti nikakishona upya. Nikamwonya kwamba tangi la maji halitapanda tena humo.

"Nitabeba kwa punda," akasema. "Nitabeba kwa kichwa." Kitambaa cha kishikio akanikataza nisikiguse.

Tulikwenda Sibu pamoja, maana alitaka niwepo isije nati ikalia. Zuwena akatoka na fimbo yake, anatabasamu. Ghasib akamfungulia mlango. Zuwena akamtazama. "Baba Yaarub, unaumwa?"

Mimi nikapanda nyuma, nikalala juu ya godoro la mizinga, kidirisha cha kati kikiwa wazi.

Lami ilipoisha nilimwona Zuwena akikamata kishikio na kufumba macho. Ghasib jasho linamtoka. Tukaingia kwenye mawe. Pikapu ikainama, ikainuka, ikatulia. Kona ya kwanza, hakurushwa mtu. Kona ya pili Zuwena akafumbua macho, akaachia kishikio, akaweka mkono mapajani.

"Haiumi," akasema.

"Alhamdulillahi!" akasema Ghasib.

"Umebadilisha nini?"

"Shokapu tu. Na springi kidogo."

"Ni kazi ya muda gani hiyo?"

Ghasib akakaza macho njiani. Na mimi, mpumbavu mwenye kujivunia kazi yangu, nikaingiza kichwa dirishani: "Asubuhi moja tu, Mama Yaarub! Adhuhuri ilitukuta tumemaliza."

"Asubuhi moja," akarudia.

Tukaenda kidogo. Kijiji kikaanza kuonekana, mitende na ukuta wa nyumba yao. Nikamsikia anavuta pumzi, nikadhani ni furaha. Nilipochungulia, machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Unaumwa?" Ghasib akasimamisha gari. "Zuwena, wapi panauma?"

"Hapaumi popote. Miaka yote hiyo nilidhani ni njia, Ghasib. Nilikuwa naichukia njia." Akajifuta uso kwa ncha ya shela. "Nirudishe kwa mwanangu."

"Nyumbani ni pale, unapaona. Nimefagia. Nimekuwekea asali."

"Napaona. Nirudishe."

Alimsihi. Mimi pia nilimsihi, nikanyamazishwa kwa jicho moja. Basi Ghasib akatafuta mahali pa kugeuzia, akageuza. Akashuka kwa gia ya kwanza, jiwe kwa jiwe, kama anavyobeba mizinga.