Kaburi la Miyuji

Juzi hospitalini, hapa Dodoma, mbele yangu kwenye foleni alisimama mzee Mwingereza, mwalimu mstaafu, suruali kaifunga kwa kamba. Tangu matibabu yaanze kulipiwa, mgeni hulipa kwa dola.

“Shikamoo mzee. Kwani kwenu si mnatibiwa bure?” karani alimuuliza kupitia dirishani.

“Marahaba. Niliwaandikia. Wamejibu kwamba haki hiyo ni ya wanaoishi kule.”

“Na hapa una uthibitisho gani kwamba wewe ni mkazi?”

Mzee akavua kofia. “Mke wangu tumemzika hapa hapa, Miyuji.”

Karani akaweka kalamu chini. Akatutazama sisi wa foleni, kama anayeomba msaada. “Pole sana, mzee wangu. Lakini kaburi si uthibitisho.” Akaishika tena kalamu, akaandika: mgeni.

Mzee akaikunja karatasi mara nne, akatoka akikohoa. Nami, bila haya, nikasogea hatua moja mbele.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe tulimpa, akatufundishia watoto miaka thelathini. Dawa, wahenga hawakusema apewe siku ya ngapi.