Siku Kilwa Ilipotangaza Njia za Watu

Nilitoka Kitomanga kwa sababu mitambo ya mjukuu wangu Zuhura ilikuwa haijasomewa dua. Miaka ile ya ruhusa, watu binafsi walipoanza kuuza mtandao, Zuhura aliacha kazi Dar es Salaam akafungua ofisi yake Kilwa Masoko. Wateja alishawapata, hospitali na shule zimo, ila ubani haujafukizwa. "Bibi, bila wewe sina raha," akaniambia kwenye simu. Nikafunga kanga zangu na ubani wangu, huyo nikaenda.

Asubuhi, nilipanda pikapu ya Saidi Mnonda iliyobeba ufuta. Mkewe Mwanaidi akanisogezea nafasi mbele.

"Bibi, ni kweli unakwenda kuiombea kompyuta?"

"Namwombea mjukuu. Kompyuta ijiombee yenyewe."

Saidi alicheka mpaka tukavuka mto Mbwemkuru. Barabara wakati huo ilikuwa vumbi tupu. Tuliposhuka Kiranjeranje kula mihogo ya kukaanga na samaki, muuza mihogo, Bi Fatu Ngwele, akaniuliza kama nimetoka kusaga unga.

Nangurukuru ndipo njia zinapogawana. Dereva mgeni wa lori aliuliza njia ya Kivinje. Watu wakamwonyesha kwa vidole, na mzee mmoja akapanda lori ampeleke, wala hakuwa na safari. Ndivyo tulivyo huku. Ukiijua njia, humnyimi mtu.

Adhuhuri tuliingia Masoko. Nilidhani nitapokewa kwa chai. Nilimkuta Zuhura amekodolea macho kompyuta, na msaidizi wake Selemani Mbonde, kijana wa Kipatimu kule milimani, amejishika kichwa.

"Shikamoo bibi, kaa hapo, tunakatiwa laini!" akasema Zuhura.

"Marahaba. Nani anakata?"

Akanieleza huku vidole vinakimbia. Ofisi yake imeunganishwa na kampuni mbili kubwa, moja ya Dar, moja ya Mtwara. Pale kuna mtambo unaitwa ruta. Kazi yake ni kuwatangazia jirani zake hao wawili kwamba anwani za mtandao za Kilwa ziko huku, mizigo yake ya habari ipitisheni kwetu. Basi, isizidishe. Sasa jana Selemani aliiacha itangaze kila inachokijua, hata habari za Mtwara ikazipeleka Dar. Dar wakaamini kuwa njia ya Mtwara ni Kilwa, wakamimina mizigo yote kwenye kijia chetu chembamba. Kila kitu kikakwama.

"Wewe ndiye uliyefanya?" nikamuuliza Selemani.

"Ndiyo, bibi. Njia nilikuwa naijua. Nikaona kuificha ni uchoyo."

"Nyie watu wa milimani nyie!" Nikacheka. Zuhura hakucheka. Kijana wa ile kampuni ya Dar, Kassimu, alikwishampigia simu: wasiporekebisha mara moja anaifunga laini. Ikifungwa, hospitali na shule zinahamia kwa wengine, na Zuhura anarudi Dar kutafuta kazi.

Akawa anaiandikia ruta sheria, kipi kitangazwe na kipi kibaki ndani. Akabonyeza. Mtandao wote ukazimika.

"Dada," Selemani akasema taratibu, "sasa tumepotea na sisi wenyewe."

Zuhura akajipiga paja. Ruta husoma sheria kuanzia juu, ikikutana na inayoihusu habari, inaishia hapo. Yeye juu aliweka "kataa yote", chini yake "ruhusu za Kilwa". Kule chini ruta haikufika. Dunia nzima haikujua tena kama kuna Kilwa.

Simu ikalia. Kassimu. Zuhura akanisukumia. "Bibi, msemeshe!"

"Haloo, sisi tunakata sa..." akaanza Kassimu.

"Hujambo mjukuu wangu?"

Akasita. "Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Hawajambo hapo? Watoto? Mama? Wewe ni Kassimu wa nani?"

"Kassimu Rashidi Mkwepu. Bibi, samahani, nina haraka..."

"Mkwepu wa kijiji cha Sudi? Basi bibi yako ni Somoe Hassani! Alikuwa akija Kitomanga na samaki wakavu, anabadilishana na mihogo yetu. Kikapu kichwani, mdomo haufungi!"

"Ulimjua bibi Somoe?" Sauti ikalainika. "Mimi sikumkuta."

Nikamweleza anavyotembea, anavyomtania baba yangu, nyimbo alizoanzisha harusini kwa Hadija Limbende. Mtoto wa Sudi atamkatia vipi mtu mzima maneno? Nyuma yangu Zuhura akahamisha sheria, ile ya kuruhusu juu, ya kukataa chini.

"Ngoja, bibi," akasema Kassimu. "Naona... zimebaki za Kilwa tu. Imekaa sawa. Mwambie Zuhura sikati." Kisha, "Haya, bibi Somoe akaimba nini?"

Alasiri tulisoma dua. Selemani alishika chetezo, Zuhura akimfokea moshi usiingie kwenye mitambo.

Kesho yake nilirudi na pikapu ileile, tupu safari hii, inaturusharusha kama mahindi kikaangoni. Nilichojifunza Masoko ni hiki: kuijua habari ni kitu kimoja, na kuwa na ruhusa ya kuitangaza ni kingine, kila nyumba itangaze yaliyo yake. Kassimu hunipigia mpaka leo kuuliza habari za bibi yake. Nimemwambia yote, isipokuwa aliyemfanya Somoe aache kuja Kitomanga. Namjua kwa jina, na jina la baba yake. Ila hilo ni la watu wa Sudi kulitangaza.