Sinema za Kwenye Kioo cha Nusu

Hebu mfikirie anavyofika. Saa moja kasoro asubuhi, barabara bado haijaamua kuamka, naye huyo anakuja taratibu, funguo zimening'inia kidoleni, taulo mbili safi kazibana kwapani kama magazeti. Kabla ya kufungua kufuli anaupiga mlango makofi mawili. Mlango wa duka lake mwenyewe, na ndani hakuna mtu. Ukimwuliza atakwambia, "Nawapa mende nafasi ya kuvaa."

Huyo ndiye Nusu, kinyozi. Jina baya kwa kinyozi, najua. Mgeni akilisikia hushika kichwa chake na kuuliza kama atanyolewa upande mmoja, mwingine arudi kesho. Lakini jina hilo halikutoka kwenye vichwa, lilitoka kwenye sinema. Miaka sita sasa tivii inawaka dukani kwake kutwa nzima, na katika miaka hiyo Nusu hajaona filamu hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mapigano yakipamba moto, yeye yuko nyuma ya sikio la mtu na wembe. Akija kumaliza sikio, mapigano yamekwisha na bibi harusi analia. Analia nini? Hajui. Inabidi aulize.

Na huko kuuliza ndiko kulikolijaza duka watu. Maana wateja nao hutazama kila mmoja kwa urefu wa kichwa chake. Mwenye kipara huondoka kabla jambazi hajatajwa jina. Mwenye ndevu za kuchonga hubahatika kuona hadi harusi. Kila mtu anatoka na kipande chake, na wiki ifuatayo anarudi kuulizia kilichobaki.

"Yule mama alimpata mwanawe?"

"Alimpata, ila mimi niliondoka kabla hawajasalimiana."

"Sasa hiyo ni habari gani unanipa?"

"Ya kichwa kidogo. Msubiri Mwalimu, yeye alichelewa kuondoka."

Hapo ndipo maoni yanapoanza. Huyu anasema filamu ni mbovu kwa kuwa shujaa alipigana dakika kumi na kofia haikuanguka. Yule anaapa hajaona nzuri kama hiyo, na ukimbana unakuta aliona dakika nane. Mwalimu, mstaafu aliyefundisha hesabu miaka thelathini, hutoa alama. "Arobaini na mbili kwa mia. Na hizo mbili nimempa farasi."

Sasa nikueleze tivii ilivyokaa, maana kisa chote kiko hapo. Zamani ilikuwa ukuta wa pembeni, na mtu akinyolewa alilazimika kupinda shingo. Siku moja bunduki zililia kwenye filamu, dereva wa lori akageuka ghafla, na mashine ikamlimia barabara kutoka sikioni hadi utosini. Alivaa kofia mwezi mzima. Tangu hapo Nusu akaihamishia tivii ukuta wa nyuma, juu ya benchi, ikitazamana na kioo kikubwa kilichoko ukuta wa mbele kando ya mlango. Aliye kitini akawa anaitazama kiooni bila kugeuza shingo. Walio kwenye benchi, tivii ikiwa juu ya vichwa vyao, nao hutazama kiooni. Maandishi huja kinyume, na Mwalimu amejifunza kuyasoma hivyo hivyo, kwa sauti, na kwa majivuno. Kwamba maandishi yamegeuka walijua wote. Kwamba kuna kingine kilichogeuka, hakuna aliyewahi kuwaza.

Mtu mmoja tu aliiona ile tivii uso kwa uso. Huyo ni Mama Pindo, fundi cherehani, mjane, ambaye kwa miaka minne ameweka mashine yake kibarazani, mbele ya mlango. Mlango ukiwa wazi, akiinua macho tu, tivii hii hapa. Alipata jina kwa kuwa hakuna anayepinda upindo wa suruali ukanyooka kama yeye. Maneno yake ni machache na yana makali ya mkasi. Sinema ya mapenzi iliyoliza benchi zima yeye aliimaliza hivi: "Angemwambia tangu mwanzo, tungelala mapema."

Na Nusu, mjane mwenzake, alikuwa na tabia moja ambayo yeye mwenyewe alidhani haionekani. Maoni ya wateja aliyasikiliza huku mashine ya kunyolea ikinguruma. Lakini akishauliza, "Fundi, umeonaje?" na Mama Pindo akifungua kinywa, mashine ilizimwa. Mteja alikaa na kichwa chake nusu mlima nusu uwanja, akangoja. Mlango nao ulikuwa wazi daima, hata siku za vumbi. "Hewa," alisema Nusu, akifuta vumbi kwenye chanuo.

Basi siku moja dereva wa lori akaleta filamu kwenye flashi. Tajiri kakutwa amekufa bustanini, na polisi wanasema aliyemchoma alitumia mkono wa kushoto. Wanaoshukiwa ni wawili: mdogo wake marehemu, na mtunza bustani. Filamu ikafika robo tatu, mtunza bustani akainua mkasi wake mkubwa wa kukatia maua, picha ikaganda. Flashi ilikuwa na kasoro. Hakuna mwisho.

Pasipo na mwisho, kila mtu ni hakimu.

"Ni mdogo mtu," dereva akasema. "Nimemwona akisaini barua. Mashoto mtupu!"

"Mashoto," Mwalimu akaafiki. "Sitini na tano kwa mia."

Benchi likakubali. Ndipo kibarazani ikasikika sauti: "Mdogo mtu anaandika kwa kulia. Mashoto ni mtunza bustani."

"Mama Pindo, wewe uko nje, unaona nini?"

"Naona mkono. Mimi nashinda na mkasi, jamani. Mtu anayekata namjua."

"Watu saba humu tumeona kushoto!"

"Basi saba mmekosea."

Wakamgeukia Nusu aamue. Naye, sijui ni utamu wa kuwa na watu saba upande wako, mashine ikinguruma mkononi, akasema: "Mwacheni Mama Pindo. Macho yake yamezoea tundu la sindano, kitu kikubwa kama mkono wa mtu kinampita."

Benchi likaanguka kwa kicheko. Dereva alijipiga paja mpaka likauma.

Mama Pindo akakata uzi kwa meno. "Sawa," akasema, "Bwana Kinyozi."

Miaka minne alikuwa akimwita Nusu.

Kesho yake cherehani ilikuwa pale pale, ila imegeuzwa. Sasa Mama Pindo alitazama barabara, mgongo kaupa mlango. Nusu akauliza, "Fundi, umeonaje?" Akajibiwa na cherehani. Siku ya tatu Mwalimu akaleta habari: Mama Pindo kapata nafasi mtaa wa pili, karibu na duka la vitambaa, na keshatoa neno. Anahama Jumapili.

"Ni mtu mzima, atafute riziki," Nusu akasema. Halafu akampaka Mwalimu sabuni mara ya pili, ilhali alikuwa keshampaka.

Ijumaa mchana hapakuwa na mteja. Alikuwa anajinyoa ndevu mwenyewe, na nyuma yake ile filamu aliyoiweka tena ikaganda pale pale ilipogandia. Kioo kikawaonyesha wote wawili, yeye na mtunza bustani, wametazama mbele kama waliopiga picha ya pamoja. Yeye kainua wembe. Mwenzake kainua mkasi. Wembe uko upande huu, mkasi uko upande ule.

Nusu akautazama mkono wake mwenyewe, wa nyama. Wa kulia. Akatazama kiooni tena. Kama wangu ni wa kulia, na wake uko upande mwingine kabisa... Akageuka kwa mara ya kwanza tangu aipigilie tivii ile msumari, sabuni ikimdondoka kidevuni, akaitazama uso kwa uso.

Mashoto. Mashoto kama alivyozaliwa.

Miaka ishirini na mbili ananyoa kwa kioo! Anajua kwamba ukitaka kupunguza sharubu ya upande huu, mkono wa kiooni unakwenda upande ule. Mikono yake ilijua hayo hata usingizini. Kichwa ndicho kilichokuwa hakijaambiwa.

Angeweza kunyamaza. Lakini kicheko kilitokea mbele za watu, na Nusu aliona kwamba msamaha wa kichochoroni hautakitosha. Akangoja Jumamosi, benchi lijae. Tatizo ni kiti, maana alitaka kukigeuza kielekee tivii. Kiti chake cha kunyolea kiliwahi kuzunguka enzi za mwenyewe wa kwanza; sasa kutu imekishika. Jumamosi ilipofika akatoka hadi kibarazani, akasimama nyuma ya ule mgongo.

"Fundi, naomba mafuta kidogo ya cherehani."

Mkono ukampa kichupa. Uso haukugeuka.

Akapaka, akasukuma, akapaka tena. Mwalimu alikuwa kitini, kidevu cheupe kwa sabuni, akauliza kama wanahama. Kiti kikalia kama mbuzi, kikazunguka. Mwalimu akajikuta ana kwa ana na mtunza bustani.

"Mwalimu, soma mkono huo. Upi?"

Wa kwenye benchi wakainuka mmoja mmoja, wakageuza shingo.

"Mama yangu," akasema Mwalimu. "Miaka thelathini nimewafundisha watoto wa watu maumbo na vioo."

"Ngoja," dereva akasema, ameshika kichwa. "Ina maana tangu mwanzo, kila filamu... Yule daktari wa mwaka jana tuliyesema ni mwizi kwa ajili ya mkono?"

"Tumemfunga bure."

"Na yule shemeji?"

"Bure. Humu ndani, ndugu yangu, tuna jela nzima ya kuifungulia."

Safari hii walijicheka wenyewe. Nusu hakucheka. Alitoka nje, wembe ungali mkononi.

"Fundi. Mkono ulikuwa wa mtunza bustani. Nimekosa."

Mama Pindo aliendelea kukanyaga. Upindo ukafika mwisho, akainua mguu.

"Mkono si kitu. Mkono mtu yeyote anakosea."

"Na kukucheka."

"Hao wa benchi wananicheka kila siku, nami nawacheka. Tumezoeana." Akaikunja suruali mara mbili. "Wewe ulikuwa unazima mashine. Nikisema kitu, unazima. Siku ile hukuzima."

Nusu akaona kwamba katika filamu zote zile, kipande chenye jibu la neno hili kilipopita, yeye alikuwa nyuma ya sikio la mtu.

"Dereva kaniletea filamu ile ile kwenye flashi nyingine, nzima," akasema mwishowe. "Imebaki nusu saa ambayo hakuna aliyeiona. Kesho, kabla hujaondoka. Njoo uione. Ndani, kitini."

"Kiti cha kunyolea?"

"Kinazunguka sasa. Kwa mafuta yako."

"Kule nimeshatoa neno."

"Najua."

"Mkokoteni unakuja saa kumi."

"Basi saa tisa na nusu."

Hakusema ndiyo. Alisema, "Nirudishie kichupa changu."

Jumapili duka halifunguliwi, lakini Nusu alikuja, akapiga makofi yake mawili, akafungua. Cherehani ilikuwa imeshafunikwa turubai na kufungwa kamba. Saa tisa na nusu na dakika kadhaa Mama Pindo akaingia. Miaka minne mlangoni, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuvuka kizingiti. Akakaa kitini, miguu haifiki chini. Nusu akavuta benchi hadi kando yake, akakaa, rimoti mkononi, mkono wa pili mtupu. Hakujua auweke wapi. Hajawahi kutazama sinema na mkono mtupu.

"Huyo polisi mpumbavu," Mama Pindo akasema.

"Ana nini?"

"Koti la mtunza bustani limeshonwa upya bega la kushoto. Kajichana kwenye waya wa bustani usiku wa mauaji, na polisi haoni."

"Kumbe!"

"Wewe tazama tu."

Mwenye mkokoteni akafika, akachungulia. "Huyo ndiye muuaji?"

"Shh!" wakasema wote wawili kwa pamoja, naye akakaa kibarazani kwa adabu.

Mtunza bustani akakamatwa. Akaketishwa mbele ya meza. Polisi akamwuliza kwa nini, naye akavuta pumzi ndefu, ya mtu anayetaka kusema yote. Pembeni ya tivii namba zikaonyesha zimebaki dakika mbili. Mama Pindo akasogea mbele kitini, mikono magotini.

"Nusu," akasema, macho hayajatoka kwenye tivii, na yeye akalisikia jina lake kama mtu aliyerudishiwa kitu. "Ule mtaa wa pili, karibu na duka la vitambaa. Hakuna sinema kule."

"Hakuna?"

"Kuna saa ya ukutani tu."

Dakika mbili zikawa moja. Kidole gumba cha Nusu kilikuwa juu ya kitufe chekundu. Filamu ikiisha, atakwenda: turubai limeshafungwa kamba na mwenye mkokoteni yuko mlangoni. Ikizimwa sasa, kutabaki kipande, na mtu mwenye kipande chake hurudi kukiulizia. Lakini pia huyu ni mwanamke aliyekuja kuona mwisho, na Nusu ni mtu ambaye tangu amfahamu huzima kitu kwa sababu moja tu: ili amsikilize.

Nawe uliyefuatana nami mpaka hapa, ungekuwa na rimoti ile mkononi, ungeiacha sinema iishe?