Kiingereza Kilichoniponza kwa Mama Ruth

Jamani, leo Kiingereza kimenioshesha vyombo!

Mama Ruth, yule mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyehamia kwetu Murukulazo, alinialika chai na wazungu wenzake wanaoishi huku Ngara.

Nikavaa viatu vya harusi. Nikafika, nikawamwagia Kiingereza chote nilichonacho.

Wakaangua kicheko!

“Mwiriwe, mwanangu,” Mama Ruth akanisalimia kwa Kihangaza. “Hapa anayeongea Kiingereza anaosha vikombe.”

Kumbe wanakutana kila Jumamosi kujifunza lugha yetu!

Basi nikavua viatu, nikashika beseni.

Nikiwa naosha, nikamsikia Mama Ruth akifanya mazoezi ya maneno ya kesho. Jirani yake amefiwa na mama mzazi, na amemwomba azungumze msibani.

“Nikikosea watacheka?” akaniuliza.

“Hapana, mama. Wewe sema tu.”

Akasema kwa Kihangaza mwanzo mpaka mwisho, akimtaja marehemu kama rafiki yake. Nikashindwa hata kusuuza vikombe, machozi yananitoka.

Mimi kesho nakaa mbele kabisa kumsikiliza. Nani twende wote?