Mchele Uliotemwa Ubaruku

Msije mkaniambia Ng'washi ni mwizi. Mimi Faustina nauza uji getini pale kinuni Ubaruku, nimeyaona kwa macho yangu, na hasira ninayo mpaka leo.

Ng'washi, mama yake Helena, ni Msukuma. Wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe. Alikuwa anapeta mchele na kina mama wenzake, mpaka Aroni, mwenye kinu, alipoleta mashine ya kamera. Punje zinateremka mbele ya kamera, nyeupe inapita, ya njano inapulizwa pembeni. Kazi ya ungo ikafa hapo hapo. Aroni akawapoza kina mama: watafagia na kushona magunia, na rijekti yote, yaani kile mashine inachotema, watagawana jioni. Ng'washi, kwa kuwa alimaliza sekondari, akafundishwa kuiendesha.

Rijekti yenyewe ilikuwa ya njano, inanuka ukungu, na watoto waliila hivyo hivyo. Lea, rafiki yake, alikuwa na watoto wengi na mume hana habari. Roho ikamuuma Ng'washi.

Sasa, kamera ile huipa kila punje namba ya mwanga. Namba kubwa, punje nyeupe. Namba ndogo, mbovu. Ukizipandisha namba hizo hatua moja, zote zinakuwa mara mbili na picha inang'aa. Ukizishusha hatua moja, zinabaki nusu, picha inafifia. Mchele ni ule ule, taa ni ile ile. Basi kila jioni, kabla ya kuzima, Ng'washi alishusha hatua moja kwa muda mfupi tu. Mchele mzuri ukaonekana mbovu, ukatemwa. Kisha anarudisha. Watoto wakala wali mweupe kama wa harusini.

Lakini siri ya wengi, weee! Lea akaubeba mchele wake mnadani, mweupe pee, akawa anaita wateja kwa sauti kwamba ni rijekti ya kwa Aroni. Mke wa Aroni alikuwa pale pale ananunua nyanya.

Ng'washi alifukuzwa siku ile ile, na hakumtaja mtu. Akaletwa Danieli kutoka Mbeya, akaambiwa bosi hataki hasara tena. Danieli akapandisha hatua mbili. Namba zikagonga mwisho, na zikishafika mwisho haziongezeki: ya njano na safi, zote kwa kamera zikawa nyeupe. Mashine ikaacha kutema. Mchele wenye ukungu ukashonewa maguniani pamoja na ule mzuri, ukapakiwa kwenda Iringa, kwa watu wasiojua lolote.

Kina mama wakaenda kulalamika. Aroni aliwajibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi.

"Sijawanyang'anya kitu. Mashine ikitema, chukueni."

Mnadhani walimlaani Aroni? Thubutu! Walikwenda kwa Ng'washi, Lea mbele. Nilikuwa uani pale, tunachambua mboga. Lea hakupiga hodi wala hakusalimu.

"Mama Helena, nani alikutuma? Ile ya njano tulikuwa tunaila, na watoto walikuwa wanalala."

Nikangoja Ng'washi amkumbushe ya mnadani. Yeye aliingia ndani, akatoka na unga ambao wanawe wangeula jioni ile, akampa.

Lea akaupokea, akaondoka bila asante.