Chai ya Mzee Kang

Prudencia Mutayoba, mzaliwa wa Bukoba, alikuwa kibarua kwa miaka mitatu katika kiwanda cha minofu ya sangara huko Pasiansi. Kazi yake ilikuwa chai. Mwaka 1996 kiwanda kilijengewa chumba kipya cha baridi: Wakorea wakifunga mitambo, Waholanzi wakiikagua.

"Dada Prudencia," meneja, Bwana Chenge, alimwahidi, "chumba kikifunguliwa bila ugomvi, nakupa barua ya ajira ya kudumu."

Ugomvi ulikuwapo. Pieter, mkaguzi wa Kiholanzi, alimwambia Mzee Kang, mkuu wa Wakorea, mbele ya mafundi wake kwamba amekosea vipimo. Kang aliwakusanya watu wake wakarudi hotelini, na kwa siku mbili hawakuonekana.

Ndipo akaletwa mtaalamu kutoka Dar es Salaam kufundisha maelewano kwa siku tatu. Waholanzi walifunzwa kutomkosoa mkubwa hadharani. Wakorea walifunzwa kwamba Mzungu hupenda ukweli wa waziwazi. Prudencia alikuwa nje, anaosha vikombe.

Wote walifaulu mno. Siku ya ufunguzi Kang aliuliza kwa sauti, kama alivyofunzwa: "Kuna tatizo? Semeni!"

Pieter alikwisha kuona kwamba mlango haufungiki sawasawa. Akainamisha kichwa kwa heshima. Lim, fundi aliyeufunga, naye aliona. Lakini hakuna semina ya siku tatu inayomfundisha mtu kumwaibisha mkubwa wake. Lim akajifanya anafuta spana.

"Mnaona?" Bwana Chenge akapiga makofi. "Semina hiyo!"

Prudencia, sinia mkononi, aliona maji yakichuruzika chini ya mlango. Kwao, mkamwana hamsahihishi baba mkwe mbele ya wageni. Humtengea kiti mahali atakapojionea mwenyewe. Akapiga goti kidogo, akampa Kang kikombe kwa mikono miwili. Kang akakipokea kwa mikono miwili.

"Mzee, njoo unywee huku," alisema kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne. "Kuna upepo."

Kang alimfuata hadi mlangoni. Kiatu chake kikalowa. Akakitazama kiatu, akautazama mlango, akamtazama Prudencia. Akanywa chai mpaka ikaisha.

"Tutafungua Jumatatu," akatangaza. "Nataka kuukagua mlango huu tena."

"Wazo zuri sana!" alisema Pieter, akashusha pumzi.

Jumatatu chumba kikafunguliwa, na barua ikatoka. Prudencia alithibitishwa kazini "kwa kuhudhuria kikamilifu semina ya maelewano."

"Bwana Meneja, mimi sikuhudhuria. Nilikuwa naosha vikombe."

"Mama wewe! Unataka kazi au unataka ukweli?"

"Vyote viwili."

Chenge alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamwita mpiga chapa. Barua ya pili ilisema amethibitishwa kwa usafi wa vyombo. Prudencia aliisoma mara mbili, hakukuta uongo ndani yake, akasaini. Kisha akarudi jikoni, maana mtaalamu alikuwa ameitwa tena, na safari hii vilihitajika vikombe arobaini.