Makangaga ya Lorne

Pale barabara ya lami inapokwisha kwenye mlima wa Fromme, watu wa baiskeli wanapoegesha magari, kuna gogo la mwerezi limelala, na nyuma yake makangaga yamesongamana hadi kiunoni. Huoni kitu kingine. Lorne Pasichnyk alitaka usione.

Lorne alikuwa fundi wa mapaa, mtu wa mikono mipana na maneno machache. Siku za kazi aliezeka nyumba za wenye fedha zao Vancouver, na siku za mapumziko alichimba njia ya baiskeli ambayo hakuna aliyemtuma kuichimba. Mvua ya kule haina adabu, ikishapiga hodi mwezi wa kumi haiondoki. Lorne alichimba humo humo mvuani, sururu mkononi, akipasua mierezi iliyoanguka kwa shoka na kabari ili apate mbao za kuvukia mabonde. Msumeno wa injini hakuutaka, maana unasikika mbali. Mkewe alimwambia achague moja, mke au matope. Akachagua, na mama wa watu akafungasha.

Fahari yake kubwa ilikuwa mdomo wa njia. Wengine wanaochimba bila ruhusa huanzia mbali, ndani kabisa ya kichaka. Yeye aliuweka puani pa watu. Ulibeba baiskeli begani, ukakanyaga gogo, ukaruka hadi kwenye jiwe, kisha ukanyanyua ndoo mbili kuukuu zilizofukiwa ardhini, kila moja imepandwa kangaga. Ukishapita, ulizirudisha na kusawazisha udongo kwa kiganja. Alama ya tairi, hakuna. Tawi lililovunjika, hakuna.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeonyeshwa, naye ni Gil Okada, fundi baiskeli, rafiki yake tangu ujana.

"We mzee wewe," Gil alimwambia siku hiyo, "umeficha nini humu, bibi harusi?"

"Nimeficha kazi yangu."

"Na nikimleta shemeji yako Bev aione?"

"Ukimleta mtu humu, nakuzika humu humu."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Gil akaapa kwamba hata mkewe hatamwambia, na kweli hakumwambia. Bev alijua tu kwamba mlimani kuna njia ya Lorne, basi.

Msimcheke lakini. Lorne aliwahi kuwa na njia nyingine kabla ya hiyo. Kijana mmoja akaipita, akaisambaza kwenye simu, na haukupita mwezi, wenye msitu wakaja na misumeno yao. Madaraja yote yakakatwa vipande kama kuni. Lorne alikaa juu ya vile vipande akalia, mtu mzima, makamasi yanamtiririka. Tangu siku ile akawa hivyo.

Sasa ilikuwa Novemba, siku ya kazi, mvua inanyesha kama inalipwa. Lorne alikuwa juu ya paa lililovuja, ng'ambo ya maji, simu ikalia. Bev.

"Shemeji, Gil yuko na wewe?"

"Hayuko. Niko kazini."

"Alisema mchana tunakula wote. Nimempigia mpaka nimechoka. Watu wa uokoaji wamelikuta gari lake pale mwisho wa barabara, lakini wanasema pale njia ziko chungu nzima. Wananiuliza kashuka ipi. Lorne, kuna ile njia yenu. Inaanzia wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Neno moja tu. Nyuma ya gogo, nyanyueni ndoo.

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi, na umeichimba wewe?"

"Yaani sijui kama kaipita hiyo. Huenda kashuka ile ya mashariki. Niache niende mwenyewe."

"Waambie wao basi, wako pale pale!"

"Naenda, Bev. Naenda sasa hivi."

Akateremka ngazi mbio, akaingia garini. Moyoni alikuwa anajituliza. Gil yule! Gil mwenye mwili wa chuma! Bila shaka tairi limepasuka, anasukuma baiskeli huku anatukana. Niwaitie kikosi kizima na redio zao, kesho njia iko kwenye kila simu mjini, kesho kutwa misumeno hii hapa. Nitamtoa mwenyewe kimya kimya, na Bev atatupikia supu.

Akafika kwenye daraja kubwa la kuvukia maji kwenda upande wa mlimani. Loh! Wanaolijua daraja lile siku ya mvua wanajua. Magari yameshikana, taa nyekundu mpaka upeo wa macho, hakuna anayesogea. Giza likaanza kuingia. Simu ilikuwa pale pale kitini, kando yake. Aliichukua, akaitazama, akairudisha. Akasogea hatua mbili. Akaichukua tena. Akawasha joto la gari mpaka mwisho. Kila mara alijiambia foleni ikifunguka tu, ikifunguka tu. Hakupiga.

Alipofika mlimani hakupanda hadi mwisho wa barabara, maana kule juu aliona taa za kikosi zikimulika. Aliliacha gari barabara ya chini, akavaa tochi ya kichwani, akaingia kutokea mkiani mwa njia. Alipanda mbio, akianguka na kuinuka, akiita jina la mwenzake kwa sauti ndogo. Ndiyo, kwa sauti ndogo. Mtu anamtafuta rafiki yake na hataki kusikika!

Gil alikuwa chini ya daraja la mbao, lile la juu kabisa. Ubao ulikuwa umeoza kwa ndani, ukakatika. Paja lilikuwa limevunjika na mbavu zimebonyea, na maji ya kijito yalimpita kiunoni. Alikuwa hai.

"Umechelewa, mzee," alisema. Midomo ilikuwa myeupe.

"Foleni. Foleni ya darajani. Gil, tulia, nimekuja."

"Nimewasikia." Alivuta pumzi kidogo kidogo. "Pale juu. Walikuwa wananiita. Filimbi. Mimi sauti... haitoki."

Ndipo Lorne akapiga kelele. Alipiga kelele mpaka koo likachanika, akapiga simu, akawaambia kila kitu isipokuwa kimoja. Aliwaambia wapitie barabara ya chini, alikopita yeye. Hata leo hajui kwa nini alisema vile. Mdomo wake ulizoea kuficha. Wakazunguka, na gari la wagonjwa lililokuwa limesimama juu kule likazunguka nalo. Walikuja wakapanda na machela, wakamfunga Gil vizuri, wakamteremsha taratibu katika utelezi. Lorne alishika upande mmoja wa machela. Katikati ya njia mkono wa Gil uliokuwa unamshika kidole ukalegea, naye akaendelea kutembea huku anajua.

Msibani kila mtu alimpiga Lorne begani. Kikosi kizima kimeshindwa, yeye peke yake kamwona! Bev alimkumbatia, akamlilia kifuani.

"Angalau alikuwa na wewe, shemeji. Hakufa peke yake."

Lorne akasema asante. Akala mkate wa msiba, akanywa kahawa, akasema asante.

Mwezi wa nne Bev akaja kwake, asubuhi, amevaa buti.

"Nipeleke nikapaone."

Wakapanda gari la Bev, Bev anaendesha, akaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa barabara, kwa kuwa pale ndipo gari la mumewe lilipokutwa. Alishuka akatazama huku na huku.

"Haya. Tunapita wapi?"

Lorne angeweza kumdanganya tena. Alikuwa amechoka. Akakanyaga gogo, akaruka kwenye jiwe, akainama, akanyanyua ndoo ya kwanza, kisha ya pili. Njia ikatokea, safi kabisa, imefagiliwa na mvua. Bev akaifuata. Kona, kona nyingine, mteremko mfupi, na daraja likawa mbele yao, ubao umekatika katikati. Chai isingepoa kwa mwendo ule. Bev akageuka. Kupitia matawi aliliona gari lake, ule wekundu wake.

"Waokoaji walisimama pale," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza inaanzia wapi. Ukaniambia hujui."

"Nilikuambia sijui."

"Kwa ajili ya hii?" Aliupiga teke ubao uliooza, ukaangukia majini. "Kwa ajili ya mbao hizi, Lorne?"

Hakumwita shemeji.

Walirudi juu, Bev mbele. Alipovuka gogo alisimama akamnyooshea kidole zile ndoo.

"Zirudishe."

"Bev..."

"Zirudishe kama zilivyokuwa. Si ulitaka pasionekane? Fukia, na mimi nikutazame."

Lorne akapiga magoti. Akaziingiza ndoo kwenye mashimo yake, akajaza udongo pembeni, akausawazisha kwa kiganja, akayanyoosha makangaga moja moja kama alivyozoea. Bev alitazama mpaka mwisho. Kisha akaingia garini, akaondoka, na Lorne akateremka mlima kwa miguu.